Posta ya Pangoni

Kabla sijajua kusoma, mimi nilikuwa tayari na kazi ya posta. Barua zangu zilikuwa za mdomo, na wateja wangu walikuwa wawili tu: baba yangu, na bibi yangu mzaa mama.

Kwetu Usambaani mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawatajani majina. Bibi alikaa ng'ambo ya kijito, chini kidogo ya nyumba yetu, kwa hiyo hao wawili walikuwa wanakutana njiani karibu kila siku. Baba anapandisha kwenda Magamba kupasua mbao, bibi anateremka na kuni. Basi bibi anatoka njiani. Anaingia kwenye mahindi, anageuza mgongo, anajifunika kanga usoni, ananyamaza kimya mpaka mkwe apite. Baba naye anapita akiangalia milima ya upande wa pili, kama mtu aliyetumwa kuhesabu miti. Hapakuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima, tena kubwa. Bibi alikuwa akiniambia, "Baba yako ni mtu. Kila nikimpisha ananipita polepole."

Wakiwa na neno la kuambiana, natumwa mimi. Hata wakiwa wamekaa wote uani, mmoja kibarazani na mwingine jikoni, na wote wanasikia.

"Mwambie baba yako nyani wameingia kwenye mahindi yake."

Mimi nageuka. "Baba, bibi anasema nyani wanakusalimia."

Mama ananirushia mwiko. Baba anakohoa ili asicheke. Bibi anasema, "Posta hii ina uongo, lakini hakuna nyingine."

Sasa nikueleze habari ya Idd ile. Nilikuwa darasa la nne, najiona msomi, maana wasichana tulikuwa watatu tu darasani. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori la mboga, anapeleka kabichi na viazi Tanga. Akasema siku ya tatu ya Idd anashusha mzigo, na safari hii atatuchukua wote, atushushe kwenye mapango ya Amboni tutembee kama watu wa mjini, halafu alasiri aturudishe nyumbani.

Mimi niliposikia pango niliogopa. Shuleni kulikuwa na mtoto wa karani aliyetoka Tanga, na huyo alikuwa ametusimulia kwamba ukiingia Amboni bila adabu unatokea Mombasa, na ukiingia na kiburi hutokei popote. Nikamuuliza, "Na ukiingia na njaa?" Watoto wakacheka. Lakini usiku sikulala vizuri. Nitakwambia ukweli: mimi kila nikiogopa natafuta mzaha. Watu wanasema mtoto huyu hana woga. Kumbe woga ndio unaonichekesha.

Tuliondoka alfajiri. Bibi alikaa mbele na mjomba, baba nyuma juu ya kabichi, amekipa kioo cha dereva mgongo ili asije akamwona mkwe wake kwa bahati mbaya. Mimi nilikaa naye. Mama alikuwa pembeni yetu, mdogo wangu mchanga mgongoni. Kona za kushuka Mombo mnazijua. Upande mmoja mwamba, upande mwingine hamna kitu, na chini huko mto unapiga kelele. Lori lilikuwa likipinda, kabichi zinahama, na mimi nahama nazo.

"Baba, mjomba ana leseni?"

"Anayo."

"Ya lori au ya baiskeli?"

"Nyamaza, shika kamba."

Nikashika kamba mpaka Korogwe. Baada ya hapo ni mkonge tu, mistari na mistari, mpaka macho yanachoka. Joto likatuvaa. Tulipofika Amboni jasho lilikuwa linanitiririka, na mimi ni mtoto wa ukungu.

Mjomba akatushusha, akaenda sokoni. Hakutaka kuingia. "Mimi na pango hatujatambulishwa," alisema.

Mshika taa alikuwa mtu mzima wa pale kijijini, mwembamba, kanzu ameikunja kiunoni. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akatuangalia tulivyojifunika.

"Wasambaa! Mmeshuka na mablanketi yenu?"

"Tumekuja kuwauzia," nikasema.

Akacheka. "Huyu mtoto ndiye atakayetangulia."

Sikucheka tena.

Nje pale mawe ni meupe, yamechongoka, yamejaa mashimo kama yameliwa na mchwa. Ni mawe ya chokaa, alisema, maji ndiyo yameyala. Mlango wa pango ni mkubwa, mdomo wazi, na pumzi inatoka. Siyo upepo, pumzi: ya baridi, inanuka mavi ya popo. Pembeni palikuwa na vitambaa vyekundu na vyeupe vimefungwa kwenye mizizi, na chupa za marashi chini. Watu wanakwenda pale kuomba. Mama alisoma dua moja kwa sauti ndogo, halafu akaanza tena mwanzo.

Kabla hatujaingia mama akatupanga. Mbele mshika taa na taa yake ya chemli. Nyuma yake baba. Halafu mama na mtoto. Halafu mimi. Mwisho bibi, nimemshika mkono. Hivyo baba na bibi wakawa mbalimbali, heshima imekaa vizuri. Mama akaniinamia. "Wewe leo ndiyo fimbo ya bibi yako. Usimwachie mkono. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Macho ya bibi yako gizani hayaoni."

"Mame, gizani nani anaona?"

Akanifinya sikio.

Tukaingia. Chumba cha kwanza kilikuwa kikubwa kama msikiti, na mwanga wa mlango ulikuwa bado unatufuata. Mshika taa akawa anatuonyesha. Jiwe hili kama mamba. Hili kama kiti. Hili linadondosha maji tangu enzi za mababu, na hapo linapodondoshea linaota jiwe jingine. Bibi akaligusa kwa kidole, akaonja. "Halina chumvi," alisema. Alikuwa anafurahi kuliko sisi wote. Mimi nilikuwa naangalia juu, maana juu pale palikuwa panatembea. Popo. Wengi mpaka dari ilikuwa inatetemeka.

Kisha tukainama, tukapita mlango mdogo, na mwanga wa nje ukakatika. Sijui niseme vipi. Umeshafunikwa blanketi kichwani na mkubwa wako akakalia pembe zote? Ndivyo. Ile taa ikabaki ndiyo jua letu, na jua hilo linabebwa na mtu anayekohoa.

Chumba cha pili kilikuwa chembamba. Mshika taa akainua taa upande wa kushoto. "Hapa msisogee. Kuna shimo."

Akaokota jiwe, akalitupa. Tukasikiliza. Mimi nilihesabu kimoyomoyo kama tulivyofundishwa. Moja, mbili, tatu, nne. Nikafika kumi na mbili. Hakuna kilichosikika.

"Limekwenda wapi?" baba akauliza.

"Bado linakwenda," mshika taa akasema.

Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Na mimi, nimeshasema, nikiogopa natafuta mzaha, kama mtu anayezama anavyotafuta jani.

Mbele kulikuwa na njia ya kupita mmoja mmoja, kiubavu. Mshika taa akaingia, baba akafuata, mama naye akajipenyeza na mtoto. Miguuni kwangu palikuwa na dimbwi la maji, baridi kama ya Magamba alfajiri. Nikachovya pembe ya kanga yangu. Nikamwambia bibi, "Nisubiri hapa hapa, narudi sasa hivi."

"Unakwenda wapi?"

"Posta."

Nikamwachia mkono.

Nikapita chini ya kwapa la mama, nikaingia kati, nikaipeleka ile kanga ya baridi taratibu kwenye shingo ya baba yangu.

Baba ni mpasua mbao. Ana mikono ya kuinua magogo. Aliruka akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume, na kiwiko chake kikampiga mshika taa. Taa ikagonga mwamba. Kioo kikavunjika, kikalia vizuri kabisa kama kengele ya shule. Halafu giza.

Popo wakaamka wote. Wakapita juu yetu, wakatupiga na upepo wa mbawa usoni. Mdogo wangu akaanza kulia. Nikamsikia mshika taa akipapasa kiberiti, halafu nikasikia kiberiti kikianguka majini. Akasema neno ambalo posta hii haiwezi kulipeleka.

"Shikaneni mikono," akasema. "Tunarudi tulikotoka. Mimi naijua kwa kupapasa. Asiachie mtu."

Akajibana akatupita akatangulia, amemvuta baba mkono. Baba akamshika mama. Mama akanishika mimi. Kisha nikasikia sauti ya mama, nyembamba sana.

"Wewe. Bibi yako yuko wapi?"

Nikapapasa nyuma yangu.

"Nakuuliza, mkono wa bibi yako uko wapi?"

"Nimemwacha pale. Kwenye kile chumba."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinibana vidole tu mpaka vikalia.

Baba akapaza sauti mbele yetu, "Mkwe! Tunakuja! Mkwe!" Sauti ikagonga kuta, ikarudi, ikatupita. Tukatoka kwenye njia nyembamba. Nikaliona kwa miguu lile dimbwi. Nikanyoosha mkono pale nilipomwacha. Palikuwa na hewa.

"Hayupo," nikasema.

"Msisogee!" Mshika taa alikuwa amebadilika sauti. "Asisogee mtu hata nusu hatua. Kaeni chini. Kaeni kwa matako. Nakwenda kuleta taa nyingine nje." Tukamsikia anaondoka, kiganja kinasugua mwamba, mpaka hakusikika.

Tukakaa. Mama akamwita mama yake, "Mame! Mame!" Kimya. Akaita tena, mtoto analia, pango linarudisha kilio chake, ikawa kama kuna watoto ishirini. Baba akashindwa kukaa. Akasimama. "Mkwe!" akaita, akapiga hatua mbili. "Mkwe, uko wapi?"

Nikasikia kokoto. Mbali kidogo, kushoto. Kokoto mbili tatu zimekanyagwa.

Baba naye alisikia. Akaelekea huko. "Mkwe!"

Kokoto tena. Zimesogea. Zimekwenda mbali zaidi, kushoto zaidi. Na kushoto ndiko kwenye shimo.

Yuko hai, anatusikia, na hajibu, na kila baba anapomsogelea yeye anarudi nyuma. Nani anamvuta? Nikafikiria vile vitambaa vya mlangoni, nikafikiria Mombasa. Nikaanza kusoma kila nilichojua, sura za madrasa na jedwali la nane, zote pamoja.

Baba akainua mguu mara ya tatu, nikasikia kiatu chake cha tairi kikisugua jiwe. Na sauti ile ya kiatu ndiyo iliyoniamsha. Nimeisikia mara ngapi, ile sauti, njiani kwetu, na bibi kwenye mahindi!

"Baba simama!" nilipiga kelele. "Usiende! Bibi anakupisha!"

"Nini?"

"Anakupisha, baba! Anasikia unakuja, anatoka njiani. Unamsukuma shimoni!"

Mtoto alinyamaza, sijui kwa nini. Nikamsikia baba anavuta pumzi, haitoi.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Bibi amesikia mkwe anakuja gizani, hajui yuko hatua ngapi, njia ni nyembamba, wanaweza wakagongana kifua kwa kifua. Akafanya alichokifanya tangu mama aolewe. Katoka njiani, kageuka, kajifunika, kanyamaza. Angengoja mpaka baba apite. Na baba badala ya kupita alikuwa anazidi kumfuata kwenye mahindi.

"Mama," baba akanong'ona. Alimwita mama yangu hivyo. "Nifanye nini?"

Mama alikuwa analia bila sauti, nilikuwa naona kwa bega lake. Mimi ndiye niliyejibu.

"Pita, baba. Pita kwa nguvu, asikie."

Akaelewa. Akageuka, akaanza kutembea kuelekea mlango mdogo, anaburuta vile viatu vya tairi, kraa, kraa, anakohoa kama anavyokohoa akimpita njiani. Polepole, kama siku zote. Sauti ikaenda, ikaenda, ikafa. Kisha sikusikia kitu. Baada ya muda nikahisi kitu kinanipita pembeni, karibu kabisa, bila viatu. Nikaijua harufu ya jasho lake. Baba amerudi kwa kutambaa.

Ndipo sauti ya bibi ikatoka gizani, ya kawaida kabisa, kama yuko shambani.

"Ameshapita?"

"Ameshapita, Bibi."

"Hiyo posta ya kweli au ya nyani?"

"Ya kweli, Bibi. Wallahi." Na Mungu atanisamehe, maana huo ndio uongo niliousema nikiwa natetemeka kuliko ukweli wowote.

"Haya. Sasa niambie, mjukuu wangu. Mbona mguu wangu wa kushoto haukanyagi kitu?"

Mama akaniuma bega. Aliniuma kweli, kwa meno, ili asipige kelele.

"Usisogee, Bibi. Nakuja kukushika."

"Sisogei. Kiatu changu kimeshanitoka. Umesikia kimeanguka?"

"Sijasikia."

"Hata mimi sijasikia," bibi akasema.

Nilielewa kwamba baba anaifuata sauti ya bibi. Akinyamaza, baba amepotea, na hatua moja tu inatosha. Basi nikafanya kazi pekee ninayoijua. Nikaongea. Nikamuuliza amepika nini Idd mosi. Akasema wali. Nikamuuliza mbona mimi sikuupata ukoko. Akasema ukoko alikula mwizi mmoja wa darasa la nne. Nikamuuliza lile jiwe alilolionja lilikuwa na ladha gani, akaanza kunieleza, "Kama maji ya kisima kipya, yale ya—"

Akakatika.

Sijui ilikuwa muda gani. Nilikuwa nimefumba macho, ingawa kufumba na kufumbua ilikuwa sawasawa. Nilikuwa nangoja kokoto.

Bibi akasema taratibu, "Nimeupata mkono wako."

Nilikuwa hatua nane kutoka kwake, nimekalia mikono yangu yote miwili.

"Ndiyo, Bibi," nikajibu.

"Umeota sugu mkono huu."

"Ndiyo, Bibi."

"Shuleni kwenu siku hizi mnapasua mbao?"

Mama akajibu badala yangu, sauti yake imejaa maji. "Wanafundishwa kazi zote, mame."

"Vizuri. Basi nivute, mjukuu wangu. Polepole."

Nikasikia kanga inasugua mwamba, pumzi za watu wawili, mmoja anapumua kwa mdomo na mwingine hapumui. Wakaja. Kwa mbali kule kwenye mlango mdogo ukaanza kuonekana weupe kama wa maziwa. Mshika taa anarudi. Baba akauona. Nikashikwa kifundo cha mkono, nikavutwa, kiganja changu kikawekwa ndani ya kiganja cha bibi, na baba akaondoka haraka kwenda ukutani, akasimama akiangalia upande wa pili. Taa ilipoingia, mimi ndiye niliyekuwa nimemshika bibi. Kila kitu kilikuwa kama mama alivyotupanga.

Mshika taa aliinua taa, akaangalia kushoto, akaona alama ya unyayo kwenye ukingo. Nusu unyayo. Vidole havikuwepo. Akakaa chini yeye mwenyewe.

Bibi alitoka nje na kiatu kimoja. Juani nilimwona ana vumbi la chokaa mpaka kwenye kope. Akamgeuzia baba mgongo, akajifunika, akaniambia, "Mwambie baba yako tumeona pango. Inatosha."

"Baba, bibi anasema tumeona pango. Inatosha."

Ilikuwa mara ya kwanza nimefikisha barua kama ilivyo.

Safari nzima ya kurudi nilikuwa nangoja kipigo. Lori tupu lilikuwa linagonga kila shimo, na kila shimo nasema sasa. Baba hakunigusa. Tulipoanza kupandisha kutoka Mombo, ukungu ukatupokea, akatoa mkono wake akauangalia, akaugeuza, halafu akaurudisha ndani ya blanketi. Mimi ningependa zaidi anipige. Mpaka leo sijui kulala bila taa, na nikiamka na imezimika nanyoosha mkono kwanza kabla sijakumbuka niko wapi.

Wiki ile ile bibi aliniita kwake. Mapeasi yalikuwa yameiva. Akachagua mawili, yale ya juani, mazuri, akayafuta kwa kanga.

"Moja la mkono wako huu," akasema. "Na hili la ule mkono wako mwingine. Ule mkubwa."

Nikataka kusema kitu. Nilikuwa na maneno kumi mdomoni, yote ya kuchekesha.

"Unajua mkono huo unakolala," bibi akasema, akarudi kwenye kuni zake.

Nikapandisha njia. Baba alikuwa uani ananoa msumeno. Nikampa peasi lake. Hakuuliza limetoka wapi. Alilila lote, na mbegu zake, na kikonyo.